Barabara ya Lubutu, 1944: namna neno "hatari" lilivyowaangukia wafanyakazi



Katika mikutano yetu mitatu ya mwisho swali moja limerudi kila mara: gaidi ni nani? Halikuulizwa na wanasheria. Liliulizwa na watu waliorudi Kisangani na mizigo kichwani, kutoka Ituri, kutoka Beni, kutoka makambi ya Uganda, na ambao kila bariere wanaulizwa walikuwa wanafanya nini kule walikotoka.

Mwenzetu mmoja alipata kazi kwenye shimo la dhahabu. Alifanya miezi miwili bila kulipwa. Siku alipodai feza yake mbele ya wenzake, mwenye kumwajiri aliita watu wa silaha akasema: "Huyu ametoka pori, mumuulize vizuri." Alikaa kasho siku 9. Hakuonyeshwa karatasi, hakuambiwa kosa lake. Alipotoka, mchango wetu njo ulilipa dawa na safari ya kurudi.

Shirika letu si chama cha siasa. Tunazika wafu wetu, tunatembelea wagonjwa, tunazungusha likelemba, tunatafutia watoto nafasi ya shule. Lakini kama mtu anaweza kudai mshahara asubuhi na kuitwa gaidi jioni, basi jambo hili limeingia ndani ya kazi yetu, tupende tusipende. Njo maana ukurasa wa historia wa toleo hili unazungumzia watu waliofanya kazi bule kwenye barabara ya Lubutu, ile ile ambayo wengi wetu tunapita na mchele na mafuta ya mawese. Waliinuka mwaka wa 1944. Sheria iliyowaangukia ilikuwa imetungwa zamani, kwa maneno yanayofanana sana na yale tunayosikia leo.

Sheria ya 1910

Tuanze na karatasi. Tarehe 5 Julai 1910 Wabelgiji waliandika dekreti fupi. Ilisema kwamba mwenyeji yeyote ambaye mwenendo wake unahatarisha utulivu wa watu anaweza kuamriwa atoke mahali anapoishi na kwenda kukaa mahali atakapoonyeshwa. Haikuhitaji tribinali. Haikuhitaji shahidi wala avoka. Ilihitaji amri yenye sahihi ya mkubwa wa Leta. Wenyewe waliita jambo hilo "relégation". Hapa tutasema kutupwa mbali, juu ya kwamba njo ilivyokuwa: mtu wa Kongo ya Chini anajikuta Oriental, mtu wa Katanga anajikuta katikati ya watu ambao hajui hata kuwasalimia kwa lugha yao.

Angalieni vizuri lile neno "utulivu". Sheria haikusema utulivu unahatarishwa na kitendo gani. Je, ni kuua? Ni kuchoma nyumba? Ni kusali bila padri? Ni kukataa kwenda kuchimba? Kila mkubwa alijaza kikapu hicho kwa namna alivyotaka.

Mwaka wa 1921 kikapu kilijazwa na watu wa Simon Kimbangu. Yeye mwenyewe alipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi kule Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ingawa hakuwa askari na hakuwa na bunduki. Alihukumiwa fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert alibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akakaa boloko ya Elisabethville mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951: miaka 30. Waumini wake walitawanywa nchi nzima pamoja na wake na watoto. Wengine waliletwa Lowa, juu ya mto, upande wetu huu wa Ubundu. Kwa hiyo mkoa wetu ulishapokea watu waliofukuzwa kwao kwa amri mbele ya sisi kuzaliwa.

Vita vya wazungu, jasho la weusi

Mwaka wa 1940 Ujerumani iliingia Ubelgiji. Kongo ikabaki na mzigo wa kulipia vita: shaba ya Katanga, bati ya Maniema na Kivu, dhahabu ya Kilo-Moto. Wajapani walipochukua mashamba ya mpira ya Asia mwanzoni mwa 1942, washirika wa vita walihitaji mpira kutoka mahali pengine, na watu wa misitu yetu wakarudishwa kwenye kazi ambayo wazee wao walikuwa wameilaani tangu siku za Leopold.

Tarehe 10 Machi 1942 ikatoka sheria nyingine. Zamani mwanaume wa kijiji alikuwa anadaiwa siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Sasa zikawa 120. Hesabuni wenyewe: siku 120 ni miezi minne. Miezi minne ya mpira, ya barabara, ya kubeba, ya mashamba ambayo mavuno yake hayakuwa yake. Hapo hatujahesabu kodi, wala bei ya kitambaa na chumvi iliyopanda juu ya vita.

Na mtu alikuwa na mahali gani pa kulalamika? Kwa mfanyakazi wa mkataba, dekreti ya 16 Machi 1922 ilifanya kuacha kazi kuwa kosa la boloko. Yaani deni kati ya mtu na kampuni liligeuka kuwa kosa kati ya mtu na Leta. Chama cha wafanyakazi weusi hakikuruhusiwa mpaka mwaka wa 1946. Mtu hana chama, hana ruhusa ya kugoma, hana tribinali ya kumsikiliza. Akifungua kinywa, njia iliyobaki ni kuitwa mtu hatari.

Walioonja kwanza ni wafanyakazi wa Union Minière. Mwezi wa Desemba 1941, kule Elisabethville na miji mingine ya shaba, waliweka vyombo chini. Walitaka mshahara unaolingana na bei ya soko. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa miguu. Gavana Amour Maron alifika na askari. Msemaji wa wafanyakazi, karani Léonard Mpoyi, alisimama kueleza maneno yao na akapigwa risasi pale pale. Kisha askari walifyatua kwa watu wote. Serikali ilihesabu wafu kwa makumi. Wafanyakazi walihesabu zaidi ya mia. Wale watu walikuja uwanjani na mikono mitupu, kuzungumza franka na posho.

Namna maneno yalivyotembea

Hapa njo tunafika kwenye jambo ambalo wakubwa wa wakati ule hawakulitazamia.

Katanga, tangu miaka ya 1920, ilikuwa imeingiwa na mafundisho yaliyotoka Rhodesia pamoja na wafanyakazi wa migodi, mafundisho ya Watch Tower. Katika vinywa vya watu jina liligeuka kuwa Kitawala, na kila anayesikia Kiswahili anasikia ndani yake neno "kutawala". Walifundisha kwamba Mungu hakumweka mzungu juu ya mweusi, na kwamba siku ya kugeuka kwa mambo iko karibu. Kwa mtu aliyeamka saa kumi na moja kwenda shimoni chini ya kapita mwenye fimbo, hayo hayakuwa maneno ya mbinguni tu.

Wabelgiji walifanya nini? Walitumia karatasi ya 1910. Waliwakamata wafuasi wa Katanga na kuwatupa mbali, wengine mpaka sehemu za mashariki na kaskazini. Walifikiri wanatoa mwiba mguuni. Kumbe walikuwa wanapanda mbegu. Kila aliyetupwa alifika kwenye kijiji kipya na hadithi yake: nilifanya kazi, nilisema, nikafukuzwa. Wenyeji wa pale waliokuwa wanadaiwa siku 120 walimsikiliza vizuri sana. Dini iliyokuwa ya makambi ya shaba ikawa dini ya msituni, na waliyoibeba kwa mikono yao ni Leta yenyewe.

Njo hivi ilivyofika kwa Wakumu, kati ya Lubutu na Masisi. Kuanzia Januari 1944 nchi ile ilichemka. Kiongozi aliitwa Bushiri Lungundu. Watu walikataa kazi ya lazima, walikataa machifu waliowekwa kuwahesabia siku, walikamata wazungu kadhaa wa Leta na wa kampuni na kuwapiga. Mwezi wa Februari wa mwaka ule ule, askari wa Force Publique wenyewe waliasi kule Luluabourg, leo Kananga. Wakubwa waliona moto pande mbili na wakaogopa. Jeshi likatumwa Lubutu. Kufika Mei 1944 uasi ulikuwa umezimwa, Bushiri amekamatwa, watu wengi wamekufa, vijiji vimekimbilia pori.

Hatusemi kwamba Bushiri alikuwa malaika. Aliwaahidi watu dunia mpya isiyo na kodi wala kazi ya lazima, na walioamini ahadi hiyo wakakutana na bunduki. Wako watu waliopigwa kwa jina lake wasiokuwa na kosa. Sisi tuliokimbia makundi ya silaha tunajua vizuri kwamba machungu ya kweli hayamfanyi kila mwenye kushika mkuki kuwa mkombozi. Tunamkumbuka juu ya swali lililoulizwa kisha ya uasi, na lile ambalo halikuulizwa.

Swali ambalo halikuulizwa

Swali lililoulizwa lilikuwa: hii sekte ni gani, nani anaihubiri, tuizuie namna gani? Kitawala ikapigwa marufuku, mkoa kwa mkoa. Wafuasi wakatupwa mbali tena, na kwa wale walioitwa wagumu zaidi kukajengwa makambi yenye jina linalosema yote: makoloni ya kilimo kwa ajili ya waliotupwa walio hatari. Moja lilikuwa Ekafera kule Equateur, lingine Kasaji kule Katanga.

Lile ambalo halikuulizwa kwa sauti ile ile lilikuwa: je, siku 120 ni nyingi sana? Mtu aliyefanya miezi minne bule, atalisha watoto na nini? Ukishamwita mtu mshupavu wa sekte, huhitaji tena kumjibu juu ya mpira na barabara. Jina limekwisha kujibu. Njo kazi ya kwanza ya majina namna hii: yanaondoa deni mezani. Na mwenye kudaiwa anafurahi zaidi ya wote.

Vita viliisha mwaka wa 1945. Sheria za vita hazikuisha siku ile. Kazi ya lazima iliendelea mpaka miaka ya 1950, ingawa siku zilipunguzwa. Ile dekreti ya 1910 ilitumika karibu miaka 50. Waliotupwa wengi walirudi kwao tu wakati uhuru ulipokaribia. Mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba mwezi wa Aprili 1960. Wao pia walikuwa watu waliorudi, sawa sisi. Walikuta nyumba zimeanguka, mashamba yana wenyewe wengine, na watoto wanaozungumza lugha ya kambi.

Mtu asifikiri kwamba ni Wabelgiji peke yao. Huko Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wapata 15,000 wa bandari, reli na nyumba za watu waligoma juu ya mshahara. Kiongozi wao alikuwa Chege Kibachia. Mwezi wa Agosti mwaka ule Waingereza walimkamata na kumpeleka Baringo, mbali na bandari na mbali na kwao, akakaa huko karibu miaka 10. Lugha ya sheria ilikuwa ingine, mfalme alikuwa mwingine, lakini dawa ilikuwa ile ile: anayesemea wafanyakazi ahamishwe, na mgomo uitwe jambo la usalama.

Na hapa kwetu? Mwisho wa Oktoba 1959 Stanleyville ilimwaga damu kisha ya mkutano wa MNC, na Patrice Lumumba akakamatwa kwa kosa la kuchochea watu. Mwezi wa Januari 1960 tribinali ilimpa miezi 6. Siku chache tu kisha, walewale waliomfunga walimtoa boloko apande ndege kwenda Brussels kuzungumza tarehe ya uhuru, juu mazungumzo hayakuwezekana bila yeye. Mchochezi wa wiki moja akawa waziri mkuu wa mwaka ule ule. Kama neno linaweza kugeuka haraka namna hii, basi halikuwa neno la kupima kitendo.

Kisha wengine wakatawala mji huu na wakaendelea na desturi. Mwezi wa Mei 2002 neno "waasi" lilitosha kuua watu zaidi ya mia hapa Kisangani, Mangobo na kwenye daraja la Tshopo. Wale waliolitumia walikuwa wenyewe ni waasi. Tunaliandika kwa ufupi tu, maana kila jamaa hapa ina jina lake la kuweka pale.

Karatasi za leo

Sasa turudi kwa swali la mkutano. Sheria ya leo inasema nini?

Kanuni ya makosa ya kijeshi ya Novemba 2002 ina sehemu juu ya ugaidi. Inazungumzia vitendo vya kuvuruga sana utulivu wa watu kwa vitisho ao kwa kutia hofu. Tunajua ADF ni nini. Wako kati yetu waliozika ndugu zao Beni bila kichwa. Tunajua CODECO. Hakuna mtu katika shirika hili anayetaka wauaji wasiadhibiwe. Lakini lile neno la 1910, "utulivu", bado liko pale katikati ya sheria, na bado halina mipaka. Na kanuni yenyewe ni ya kijeshi: anayehukumu ni askari.

Tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, ile kila mtu anaiita "état de siège". Magavana wakawa wanajeshi, na makosa ya raia yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Ilitolewa kwanza kwa siku 30, kisha ikaongezwa siku 15, na siku 15, na siku 15. Waliokuwa Bunia ao Butembo wanajua kwamba mwaka uliisha, na wa pili, na wa tatu, na hesabu ya 15 iliendelea.

Novemba 2021 vijana wa LUCHA walikaa chini kule Beni kupinga hiyo hali kuongezwa. Walikuwa 13. Hawakuwa na hata panga. Mwezi wa Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwapa miezi 12 ya boloko. Hapo kikapu cha "utulivu" kilikuwa kimejazwa na watu waliokaa chini kusema kwamba hali hiyo haikuleta usalama ulioahidiwa.

Tarehe 30 Agosti 2023, kule Goma, watu wa kundi moja la dini walijiandaa kuandamana kupinga MONUSCO. Askari waliwafyatulia risasi kabla ya jua kupanda. Zaidi ya watu 50 walikufa. Neno la kwanza lililotoka redioni lilikuwa "sekte". Ni haki kuandika pia kwamba mahakama ya kijeshi yenyewe ilihukumu maofisa juu ya mauaji hayo. Lakini wafu hawakupata nafasi ya kusikia hukumu, na machungu waliyotaka kuyasema siku ile yalizikwa pamoja nao, sawa mpira wa Wakumu.

Tena tarehe 13 Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba hukumu ya kifo, ambayo haikutekelezwa kwa zaidi ya miaka 20, inaweza kutekelezwa tena kwa wasaliti na kwa majambazi wa mijini. Nani ni msaliti? Katika nchi ambapo mtu anaweza kuitwa hivyo juu ya sura yake, lugha yake ao mahali alipokimbilia, sisi tuliorudi tuko karibu sana na mlango ule.

Wengine walisema tunyamaze

Katika mkutano wa mwisho wako wanachama waliosema: tusiandike haya. Tumerudi juzi, hatuna watu wakubwa, tutajichongea. Wazee wawili walisema hivyo, na hawakusema bila akili. Wamekula boloko za serikali tatu mbalimbali. Tumewasikiliza. Kwa sababu yao hamtaona hapa jina la mgodi, wala la ofisi, wala la mwenzetu wa siku 9.

Lakini mama mmoja alijibu, na jibu lake njo limetufanya tuandike. Alisema: "Kama tunanyamaza, hawatasema tumenyamaza. Watasema tumejificha." Hakuna aliyepata la kuongeza.

Tunayoyaomba hayapingi vita juu ya wauaji. Tumeyaandika katika barua kwa wabunge wa mkoa na wa taifa waliochaguliwa hapa, na tunayarudia hapa ili kila mmoja ayajue kwa moyo.

La kwanza, sheria iseme wazi kitendo. Kuua, kuteka, kulipua, kuchoma kijiji: hayo yanaonekana na yanapimwa. Kudai mshahara, kugoma, kukaa chini barabarani, kutoka mahali fulani: hayo yaandikwe wazi kwamba si ugaidi.

La pili, raia ahukumiwe na mahakama ya raia. Katiba ya 2006, artikle ya 156, inasema mahakama za kijeshi ni za askari na polisi. Inaruhusu kupita hapo wakati wa vita ao wakati hali ya kuzingirwa ao ya dharura imetangazwa, na hata hapo inasema haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Tshopo haijawekwa chini ya hali hiyo.

La tatu, hali ya dharura iwe na mwisho unaojulikana. Kitu kinachoongezwa siku 15 kwa miaka si dharura tena. Ni utawala.

Na mbele wabunge hawajajibu, kila mwanachama ashike haya mawili, juu yanaweza kumtoa kasho. Artikle ya 18 ya Katiba: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoelewa, ana haki ya kuita jamaa ao avoka wake mara moja, na hawezi kushikwa zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Mwenzetu alikaa siku 9. Artikle ya 61: hata wakati wa état de siège, hakuna anayeruhusiwa kugusa haki ya kuishi, kukatazwa kwa mateso, haki ya kujitetea na kukata rufaa, wala kanuni kwamba hakuna kosa wala adhabu bila sheria. Watu wa Lubutu hawakuwa na karatasi namna hii. Sisi tunayo. Ni karatasi tu, ndiyo, lakini ya 1910 pia ilikuwa karatasi tu, na mmeona ilifika wapi.

Kamati imekubali kwamba kuanzia mwezi ujao sehemu moja ya kumi ya mchango itawekwa pembeni kwa ajili ya avoka na chakula cha mwanachama aliyeshikwa. Kila mmoja alete kopi ya karatasi yake ya kurudi, ya kambi ao ya komine, iwekwe kwa karani wa shirika. Mtu akishikwa, tusianze kutafuta usiku ushahidi kwamba yeye ni yeye.

Na ombi la mwisho kwa wenye wazee. Kama kuna mtu katika jamaa yenu aliyetupwa Lowa, Ekafera ao Kasaji, ao aliyekata mpira kwenye barabara ya Lubutu katika zile siku 120, leteni alichowasimulia. Jina la kijiji linatosha, wimbo wa kazi unatosha, hata neno moja. Katika vitabu vya Leta wale wazee waliandikwa "hatari". Katika toleo lijalo tunataka kuandika kazi waliyofanya, na kiasi walichodai.